Hereni ya Njano na Sikio la Guyo

Hapana, kipimo cha sikio hakitoboi. Nimesema hakitoboi, Nasibo, na ukirudia hayo maneno tena mbele yangu tutakosana mimi na wewe. Ati mashine inapuliza upepo mpaka ngozi ya sikio inapasuka. Nani alikuambia? Mtu ambaye pia aliambiwa na mtu. Mimi sikuambiwa. Mimi niliwekewa hiyo kitu kwa hili sikio langu, la kulia kisha la kushoto, nikiwa mtoto, na hakuna mtu alikuwa amenituma hospitali. Niliomba mwenyewe. Karibu nipigane ndio nipewe.

Nasibo ni jirani yangu hapa Bulla Pesa. Tunaingilia mlango mmoja wa ploti, tunagawana kamba ya kuanika nguo, na mtoto wake ametumwa hospitali apimwe sikio la kati. Anaogopa. Kuogopa sikatai. Lakini kuna kuogopa na kuna kutunga uongo, na uongo juu ya masikio mimi siuvumilii, kwa sababu kuna mtu ninayempenda ambaye karibu maneno ya aina hiyo yamharibie maisha.

Halafu jana, bado nikiwa na hasira ya Nasibo, nilikuwa napita nyuma ya mnada wa mifugo nikakanyaga kitu ngumu kwa vumbi. Nikainama. Ilikuwa ile hereni ya plastiki, ya njano, ile watu wa mifugo hubana kwa sikio la ng'ombe. Imepasuka, rangi imechujuka, bado inanuka ng'ombe. Nikaanza kucheka peke yangu barabarani mpaka jamaa wa boda akapunguza mwendo kuniangalia. Wacha aangalie. Mimi nilikuwa nimerudi mbali, kwa siku za Guyo.

Guyo ni mtoto wa Abuya Halake, kaka ya mama yangu. Sisi Waborana ndugu ya mama tunamwita abuya, na abuya akisema kitu nyumba nzima inanyamaza. Siku moja Abuya alimleta Guyo kutoka Korbesa akae kwetu asome. Nyinyi wa rika langu mtakumbuka vile mtoto wa malishoni alikuwa anafika mjini: anashushwa tu kutoka juu ya lori, vumbi mpaka kwa kope, kiatu cha tairi, na fimbo yake mkononi kama mzee. Alinukia moshi, ule mtamu wa kufukizia vibuyu vya maziwa. Mama alipotaka kufua shati lake nililificha chini ya godoro, kwa sababu nilijua harufu hiyo ikienda haitarudi mpaka twende Korbesa, na Korbesa hatukuwa tunaenda.

Tulikuwa karibu umri mmoja, lakini yeye alikuwa mrefu, na alijua vitu. Alijua mbuzi mwenye mimba kwa kumtazama tu akitembea. Alijua mvua iko upande gani. Tatizo lilikuwa moja: ukimwita hageuki. Unamwita Guyo, Guyo, Guyo, yeye anaangalia kuku. Ukija mbele yake uso kwa uso anatabasamu, anajibu vizuri kabisa, na anajibu kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake ng'ambo ya mto.

"Mbona unapiga kelele?" nilimuuliza.

"Nyinyi ndio hamsemi vizuri," akaniambia. "Watu wa mjini mnaongea kama mko ndani ya tangi."

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Nilikuwa nimesikia Korbesa kuna upepo usiolala, unabeba mchanga, unabeba kofia, unabeba na mtoto asiyeshikwa mkono. Basi niliamini huo upepo ulikuwa umemwingia Guyo masikioni na bado haujapata njia ya kutoka. Nilikuwa namlaza ubavu kwa mkeka, namgongagonga upande wa juu na kiganja kama mtu anayetoa mchanga kwa kiatu. Yeye aliniachia kichwa tu. Alidhani ndivyo watu wa mjini wanavyocheza.

Shuleni hakukuwa na mchezo. Alikaa nyuma kwa sababu ya urefu. Mwalimu wetu alikuwa na tabia ya kuongea akiandika, uso kwa ubao, kisogo kwetu. Akitugeukia, Guyo anaelewa kila kitu, na hesabu alikuwa ananishinda. Akigeukia ubao, Guyo anapotea kabisa, anabaki kuangalia wenzake wanafungua vitabu gani ndio na yeye afungue. Mwalimu akaanza kusema huyu ni kichwa ngumu. Watoto wakasikia mwalimu, wakaongeza yao. "Kiziwi wa mbuzi," walimwita, na yeye kwa vile hasikii, anacheka pamoja nao. Hiyo ndiyo iliniuma. Afadhali mtu atukanwe akijua. Nilipigana kwa ajili ya Guyo, sitasema na nani, lakini kuna kijana fulani hapa Wabera ana duka la simu, na akinyoa nyusi mtaona kazi yangu.

Kisha watu wa hospitali wakaja shuleni kuangalia watoto macho na masikio. Walimulika masikio ya Guyo na tochi yao ndogo, wakaongea wao kwa wao, wakatuma neno kwa mama amlete hospitali Alhamisi akapimwe sikio la kati. Mama alifurahi kwa sababu angalau mtu amesema kitu tofauti na kichwa ngumu. Lakini wiki hiyo hiyo Abuya Halake alikuja mjini na lori la mbuzi wa kuuza, akapita shuleni kumsalimia mwalimu, na mwalimu akamweleza yote.

Jioni hiyo mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Abuya alikuwa amekaa kwa kigoda, chai imewekwa kwa goti.

"Mwalimu anasema ni kama anafundisha ukuta," Abuya akamwambia mama. "Basi wacha ukuta urudi nyumbani. Mbuzi wangu hawana mtu."

"Watu wa hospitali wamesema apimwe sikio kwanza."

"Sikio gani? Huyu ndiye alikuwa ananiambia fisi amekuja. Mimi mtu mzima sijasikia chochote, naangalia, yeye ameshasimama na fimbo. Sikio yake ni nzima kuliko yangu na yako ukiunganisha."

"Ndugu yangu, ni kesho tu."

Abuya akanywa chai yake yote kwanza. "Sawa. Apimwe. Wakiona sikio iko sawa, lori ikitoka anatoka nayo, na sitaki kusikia mtu analia."

Mimi nililia hapo hapo, nyuma ya pazia, nikiuma kitambaa. Guyo alikuwa amekaa karibu yangu, pazia limemfichia nyuso zao, hata midomo haioni. "Wamesema nini?" Nikamwambia vile nilivyoelewa: wewe unapelekwa hospitali, unapimwa sikio, halafu unapandishwa lori.

Akaokota fimbo yake. Kisha akaniambia nimfuate.

Alinipeleka kwa ua wa mifugo, pale karibu na mnada. Jua lilikuwa bado liko juu kidogo. Ng'ombe walikuwa wamepangwa kwa kile kijia chembamba cha mabomba, na mwanamume wa koti la buluu alikuwa anawashika mmoja mmoja, anabana sikio na kitu kama koleo. Kach. Ng'ombe anatikisa kichwa, na hereni ya njano inabaki inaning'inia. Kach. Mwingine. Mwisho wa kijia lori limefungua mlango.

"Hao wakiwekwa hiyo hawarudi," Guyo akasema. "Mbuzi zetu zina mkato ya kisu hapa kwa sikio. Kila boma na mkato yake. Ukiona mkato unajua ni wa nani, akipotea anarudishwa. Lakini ya plastiki si ya boma. Ni ya serikali. Ukiwekwa hiyo, wewe si wa nyumbani tena."

"Lakini wewe si ng'ombe."

"Hospitali ni ya nani?"

Nikafikiria. Hospitali ilikuwa ya serikali. Wanataka sikio. Na lori lipo. Mimi nilikuwa najiona mjanja kuliko watoto wote wa Bulla Pesa, lakini hiyo hesabu ya Guyo niliikagua mbele na nyuma na sikuona kosa. Nikamwambia, "Hawatakuweka." Akauliza nitafanya nini. Sikujua. Nikarudia tu, hawatakuweka.

Tuliporudi, Abuya alikuwa ameyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo kwa kijiko. Akamlaza Guyo kwa paja lake akamtilia matone ya uvuguvugu kwa masikio yote mawili, taratibu, anapuliza kila tone kwanza lisimchome. Ndiyo dawa tuliyokuwa nayo. Na muone huyo mtu: anasema sikio ni zima, lakini anatia dawa. Sasa nikiwa mkubwa ndio naona Abuya naye alikuwa anaogopa. Wakati ule niliona anamlainisha sikio tu, kuitayarishia hereni njia.

Asubuhi nilikataa kwenda shule. Nilishika nguo ya mama nikasema wakiniacha nitawafuata kwa miguu, na mama ananijua. Kwa hivyo tukaenda wanne: mama, Abuya na fimbo yake, Guyo, na mimi.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kinanuka spiriti na karatasi mpya. Daktari wa masikio alikuwa msichana wa Kimeru anaitwa Kinya, mwenye sauti ya kuuza mitumba sokoni. Abuya akamsalimia salaam aleikum, naye akaitikia aleikum salaam mzee, karibuni, nani mgonjwa wangu kati ya hawa wawili wanaoniangalia kama nimewaibia?

Akamkalisha Guyo, akavuta sikio lake kidogo kwenda juu na nyuma, akamulika ndani. Akaacha. Akamulika tena.

"Mzee, nani amekaanga mandazi humu ndani?"

Abuya akaangalia dari. "Ni dawa."

"Ya nini?"

"Mafuta. Ya mkia wa kondoo."

"Na huyo kondoo alipona?"

"Kondoo hakuwa mgonjwa," Abuya akasema, kwa heshima zake zote, na mama akafunika mdomo na shela, mabega yanatetemeka.

Daktari akachukua pamba akasafisha pole pole, mafuta na nta pamoja, akieleza huku anafanya kazi. Kwamba lazima njia iwe wazi ndio kipimo kisome vizuri. Kwamba sikio halitiwi kitu bila kuangaliwa, hata kama kimetoka kwa mnyama mzuri namna gani, kwa sababu kama ngozi ya ndani ina tundu hujui unamwaga wapi. Akamulika mara ya tatu akasema hapana, hakuna tundu, ni sawa. Kisha akavuta mashine yake, kitu kidogo tu, kama redio ya mezani yenye mkono, na akafungua kisanduku cha plastiki.

Ndani ya kisanduku kulikuwa na vidude vya mpira, vidogo, laini, vimepangwa kwa rangi. Vyekundu. Vya kijani. Vya njano.

Guyo alikuwa ukutani kabla sijapumua. Amebana masikio na viganja vyote viwili, macho yamekuwa makubwa, anarudia kwa Kiborana: nyumbani, nyumbani, mimi ni wa nyumbani. Na mimi nikajikuta nimesimama katikati ya chumba, mikono imetanuka kama mtu anazuia ndama.

"Hawekwi," nikasema.

"Hawekwi nini?" daktari akauliza.

"Hiyo ya njano."

"Haya. Tuweke ya kijani."

"Wala ya kijani."

"Wewe msichana, keti," Abuya akasema.

Nawaambia ukweli, hakuna mtu alikuwa anakataa neno la abuya kwetu. Lakini sikuketi. Nilienda nikapanda kile kiti mwenyewe nikageuza kichwa. "Niweke mimi kwanza," nikamwambia daktari. "Na kama kuna lori, na mimi nipandishwe."

"Lori gani?" daktari akauliza. Akamwangalia mama, mama akamwangalia Abuya, Abuya akamwangalia Guyo. Ndipo Guyo, bado ameshika masikio, akaeleza yote kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto: koleo, hereni, serikali, mkato wa boma. Kila mtu mpaka foleni ya nje akasikia. Daktari alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Mama alikuwa amezama kabisa ndani ya shela. Abuya peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mtoto wake.

"Sasa sikiliza, mtetezi," daktari akaniambia, anapangusa macho. "Hii haina koleo. Shika mwenyewe."

Akanipa kile kidude mkononi. Kilikuwa laini kama chuchu ya chupa ya mtoto, na tundu dogo katikati. Nikakibonyeza, nikakinusa, nikajaribu na meno. Nikamrudishia.

Nasibo, hapa ndipo nilitaka ufike. Alikipachika kwa mkono wa mashine akakiweka kwa mlango wa sikio langu, hakuingiza ndani sana, akakisukuma kidogo mpaka kikaziba. Ni vile tu unavyosikia ukiziba sikio na kidole. Akaniambia nisitembeze kichwa, nisimeze mate, nisiongee. Kwangu mimi hiyo ya kutoongea ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote, na mama alimwambia hivyo. Kisha nikasikia mlio mzito, mmmm, kama friji ya duka la soda. Halafu sikio likajaa. Wewe umepanda gari kwenda Meru, unajua ile mahali barabara inaanza kupanda na masikio yanaziba, unameza mate yanafunguka? Ni hiyo tu. Inajaa kidogo, inaachia, imekwisha. Chai ya kikombe kimoja haijamiminwa. Akafanya na la pili. Hakuna damu, hakuna kupasuka, hata machozi yangu yalikuwa ya mapema, ya bure.

Nikateremka nikamwendea Guyo. Hakuniamini kwa maneno. Alishika sikio langu, akalikunja mbele, akalikunja nyuma, akapitisha kidole pembeni akitafuta tundu, sawasawa na mnunuzi wa mbuzi aliyewahi kudanganywa. Akakagua na la pili. Kisha akaenda mwenyewe akaketi, na akamwambia daktari, "Ya kijani."

Wakati huo mashine ilikuwa imetoa karatasi yangu, na nilipoiona nilishikwa na aibu. Mstari wangu ulianza vizuri, halafu ukapanda katikati ukafanya kilima chenye ncha, kisha ukashuka. Shuleni mwalimu alikuwa anatuchapa kwa mistari iliyopinda. Kisha karatasi ya Guyo ikatoka. Mstari wake ulikuwa umelala kutoka mwanzo hadi mwisho, safi, kama umepigwa na rula.

"Amenishinda," nikasema. Na nilifurahi, wallahi. Nilimpiga Guyo mgongoni. Yeye akatabasamu.

Daktari hakutabasamu. Alisema wakati mwingine mpira haujakaa vizuri ndio mstari unalala, acha arudie. Akabadilisha kidude kingine kikubwa kidogo. Mstari ukalala tena. Sikio la pili, vilevile.

"Mzee, njoo uone," akamwambia Abuya, akaweka karatasi zote mbili kwa goti lake. "Ndani ya sikio kuna ngozi, imewambwa kama ya ngoma. Sauti ikija ngozi inacheza. Mimi nasukuma hewa kidogo, navuta kidogo, nione kama inacheza. Ya huyu mtetezi inacheza, ndio unaona kilima. Ya huyu kijana haichezi. Nyuma ya ngozi kuna maji yamekaa. Umewahi kupiga ngoma imelowa?"

"Haitoi kitu," Abuya akasema.

"Basi. Hiki kipimo hakiniambii anasikia kiasi gani, hicho nitampima kwa njia nyingine, na akipimwa utaona. Lakini na ngozi imelowa hivi, anasikia kama mtu yuko ndani ya maji. Inakuja baada ya mafua, watoto wengi sana wanapata, wala haitoi usaha, haiumi, ndio maana watu hawajui."

Abuya akapitisha kidole kwa ule mstari uliolala. "Lakini fisi," akasema. "Daktari, huyu alikuwa anasikia fisi kabla yangu. Kila mara."

Daktari alimgeukia Guyo, akainama mpaka nyuso zikalingana, akamuuliza, "Fisi akija ulikuwa unajuaje?"

"Naangaliaga mbuzi," Guyo akasema. Alishangaa kuulizwa. "Masikio yao yakisimama yote upande mmoja, kuna kitu huko. Wakisimamisha na kuacha kutafuna, ni fisi. Wakisimamisha na kuendelea kutafuna, ni mtu. Baba akiniita, yule beberu mweusi anageuza kichwa kwake, na mimi nageuka." Akafikiria kidogo. "Hapa darasani hakuna mbuzi."

Hapo mama aliacha kucheka. Mimi nilikuwa mdogo lakini niliona kitu kimepita kwa uso wa Abuya Halake, mtu ambaye sijawahi kumwona akiharakisha au akipunguza sauti kwa ajili ya mtu. Miaka yote mtoto alikuwa amekopa masikio ya mbuzi na hakuna mtu alikuwa ameuliza. Baba alikuwa anajivunia sikio ambalo halikuwa la mtoto wake.

Abuya aliweka fimbo chini. Akachutama mbele ya Guyo, pale sakafuni, mzee mzima na kikoi chake, akamwambia kwa Kiborana, pole pole, mdomo wazi, "Kumbe ulikuwa unafanya kazi mbili, ya kuchunga na ya kusikia."

Kisha akasimama akamuuliza daktari kama hayo maji yatatoka. Daktari akasema mara nyingi yanatoka yenyewe, tunangoja, tunampima tena baada ya miezi kama mitatu. Yakikataa kutoka kuna upasuaji mdogo hospitali kubwa, lakini tusikimbilie huko. Kwa sasa akae mbele darasani, na mtu akitaka kumwambia kitu aje mbele ya uso wake.

"Na nikirudi naye Korbesa?"

"Baada ya miezi mitatu nani atampima huko, mzee?"

Abuya akaokota fimbo yake. "Basi anabaki," akasema, kana kwamba ndivyo alivyosema tangu mwanzo, na hakuna mtu alimkumbusha.

Kutoka hospitali hatukwenda nyumbani. Abuya alipitia shuleni na kile kikoi chake, akangoja nje ya darasa mpaka mwalimu akatoka. Akamwambia, "Mwalimu, mtoto huyu ana maji ndani ya sikio. Ukimpa kisogo hujaongea na yeye. Ukimpa uso, anakushika yote." Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi kuliko madawati na koo limekauka saa tatu asubuhi. Alimwita Guyo akamhamishia dawati la kwanza, karibu na mlango, na tangu siku hiyo alikuwa akijisahau akianza kuongea na ubao, tunamwona anashtuka katikati ya sentensi, anageuka. Tukafaidika wote. Kumbe kuna wengi walikuwa hawasikii kitu huko nyuma, masikio yao mazima kabisa.

Lori liliondoka Ijumaa baada ya swala. Guyo alisimama na mimi kwa vumbi akilipungia. Abuya aliteremka tena kutoka mbele, mwenye lori akilalamika, akarudi mpaka kwetu, akachutama, akamwambia Guyo kwaheri mara ya pili usoni kwa sababu ile ya kwanza alikuwa ameisema kwa dirisha.

Yale maji yalitoka. Hayakutoka kwa siku moja. Tuliporudi kupimwa, mstari wa kushoto ulikuwa umeinuka, kilima kidogo, kichuguu tu cha mchwa, na Guyo aliruka kutoka kwa kiti akataka ile karatasi akalale nayo. Wa kulia ulichelewa, ukamfuata baadaye. Na alipoanza kusikia, balaa. Alilalamika juu ya kila kitu. Mabati yakipigwa na mvua anasema nani anamwaga kokoto. Mbu akipita anaamka. Mimi mwenyewe aliniambia, mchana, akiwa ameziba masikio, "Kumbe wewe unaongea hivi kila siku? Na mama yako anavumilia?" Nilimpiga na kandambili. Lakini nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Alimaliza shule ya msingi, akaenda mbele, alinipita huko nilikoishia mimi, na mengi niliyosoma baadaye peke yangu niliyasoma kwa vitabu vyake. Sikumwonea wivu hata siku moja. Mtu akimsema Guyo vibaya mpaka leo nafunga shela kiunoni.

Kitu kinachonisumbua ni kwamba hakuna mtu alikuwa mbaya kwa hii hadithi. Abuya alimpenda. Mwalimu alichoka tu. Mama alijaribu. Mimi nilimpigania na ngumi, na sikujua napigania nini. Wote tulikuwa tunamwita, kila siku, kwa sauti kubwa, na tukakasirika kwamba haitikii, na kati yetu wote ni yule beberu mweusi peke yake aliyekuwa anamfikishia ujumbe.

Kwa hivyo, Nasibo, sitaki kuambiwa habari za mashine inayopasua. Huyo wako nyumbani, unayemwita kichwa ngumu, umeshawahi kumwita ukiwa nyuma yake ukaona kama anageuka?